Mwongozo kamili: kugawa tokeni kwa maelfu ya watu bila kugonga kikomo cha gesi

Wakuu, hili swali linarudi kila siku na hadithi ni ileile. Mtu ana tokeni zake, ana orodha ya watu elfu kadhaa, anabandika orodha nzima, anabonyeza tuma, muamala unagoma. Anapandisha bei ya gesi (ile ada ya kuutumia mtandao), unagoma tena, anapandisha tena, mwisho hela ya gesi imekwisha na hakuna hata mtu mmoja aliyepata tokeni. Karibu wote wanakosea palepale: wanaongeza bei wakati shida yao ni uzito wa mzigo.

Naongelea Ethereum na mitandao ndugu zake inayotumia EVM (injini inayoendesha mikataba ya Ethereum), tokeni za ERC-20 (kiwango cha kawaida cha tokeni humo). Solana na Bitcoin zina mipaka yake tofauti kabisa, namba za hapa usizipeleke kule.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujagusa chochote

- Orodha ya wapokeaji kwenye faili la CSV, safu mbili tu, anwani na kiasi.
- Waleti mpya ya kazi hii peke yake. Ile yenye akiba yako ya maisha iache ilale.
- ETH ya kulipia gesi, na iwe zaidi ya hesabu yako, sababu utaiona hatua ya 6.
- Mkataba wa kugawia, yaani ile kontrakti inayopokea orodha na kuzunguka ikimtumia mmoja mmoja ndani ya muamala mmoja. Kama hujui kuandika, tumia uliokwisha kuwepo na ambao kodi yake (msimbo wa programu, si ushuru) imewekwa wazi na kuhakikiwa kwenye Etherscan, tovuti ya kusomea miamala na mikataba ya Ethereum.
- ETH ya majaribio ya Sepolia (mtandao wa mazoezi wa Ethereum), ni ya bure.
- Faili la kumbukumbu. Hata daftari la kawaida linatosha, ila liwepo.

Tovuti yoyote ya kugawa tokeni ikikuomba yale maneno 12 ya siri ya waleti, funga na uondoke. Hakuna kazi hapa inayoyahitaji.

## Kabla ya hatua: usichanganye lita, tanki na bei

Fikiria mafuta ya gari. Gesi iliyotumika ni lita ulizochoma njiani. Kikomo cha gesi ni lita ulizoruhusu zitumike safari hii. Bei ya gesi, inayopimwa kwa gwei (sehemu ya bilioni moja ya ETH), ni bei ya lita moja. Mzigo ukihitaji lita nyingi kuliko ulizoruhusu, gari linazimika njiani hata kama kila lita umeilipia mara kumi, na ndo maana kupandisha gwei hakusaidii kitu.

Halafu kuna dari la mtandao wenyewe. Tangu sasisho la Fusaka la Desemba 2025, muamala mmoja kwenye Ethereum hauruhusiwi kuvuka gesi 16,777,216, hata kama bloku nzima (kifurushi cha miamala inayoingia pamoja) ina nafasi kubwa zaidi ya hapo. Miongozo mingi ya zamani inakwambia ukomo ni bloku, milioni 30, kwa hiyo mtu anapanga mafungu ya watu 900 kwa namba za zamani na anashangaa nodi (kompyuta ya mtandao inayopokea muamala) inamkatalia mlangoni.

Shika pia tofauti hii. Ukivuka dari la mtandao, muamala unakataliwa kabla haujaingia na hulipi kitu. Ukiwa chini ya dari lakini kikomo ulichoweka hakitoshi, muamala unaingia, unaishiwa gesi katikati, kila kitu kinarudishwa kama kilivyokuwa, na gesi yote umelipa. Mimi iliwahi kunikuta, nilijaza kikomo kwa mkono nikidhani nabana matumizi, fungu la watu mia kadhaa likafia kwa watu wa mwisho mwisho na wote waliotangulia wakafutwa nao. Hakuna nusu hapa. Ni wote au hakuna.

## Hatua ya 1: safisha orodha

Hii inachosha na ndo inayookoa. Kwa kuwa fungu zima linasimama au kuanguka pamoja, anwani moja mbovu inaweza kuwaangusha wengine wote wasio na kosa.

Angalia anwani zilizojirudia, maana mtu aliyejaza fomu mara mbili atalipwa mara mbili. Angalia nafasi tupu mwanzoni au mwishoni mwa anwani, zinatokana na kopi-pesti. Ondoa anwani ya sifuri (0x ikifuatiwa na sifuri tupu), tokeni nyingi zilizojengwa kwa maktaba ya OpenZeppelin zinakataa kuitumia na fungu lako lote linagoma. Ondoa pia anwani ya tokeni yenyewe, amini usiamini watu hujaza hiyo kwenye fomu, na kilichotumwa huko mara nyingi hakitoki tena.

Herufi kubwa na ndogo ndani ya anwani si mapambo. Ni hakikisho la EIP-55, kwa hiyo skripti yako ikisema hakikisho halilingani, kuna herufi imebadilika, usilazimishe kwa kugeuza zote kuwa ndogo. Rudi kwa mwenye anwani umuulize.

Kama unagawa USDC au tokeni nyingine yenye orodha ya waliozuiwa, jua kwamba kumtumia aliyezuiwa kunaangusha muamala. Wachuje mapema.

Ukimaliza uwe na namba mbili ulizoziandika: idadi ya watu na jumla ya tokeni. Ukifungua faili kesho na namba zikawa tofauti, kuna mtu kaligusa.

## Hatua ya 2: tenganisha wapya na wa zamani

Hapa ndo penye siri ya gharama yote na karibu kila mtu anaparuka. Kutuma tokeni si kusafirisha kitu. Ni kuandika namba kwenye stoo ya mtandao, na stoo hiyo ni ghali. Mtu ambaye hajawahi kuwa na tokeni yako, nafasi yake ina sifuri, na kuibadilisha sifuri kuwa namba kunakula gesi 22,100, hapo umehesabu na kule kuigusa mara ya kwanza. Mwenye salio tayari, kumbadilishia namba ni kama 5,000 tu.

Kwa hiyo pitisha orodha yako yote kwenye `balanceOf` ya tokeni, fanksheni ya kusoma salio la mtu. Kusoma ni bure, hakuli gesi. Wenye sifuri weka faili moja, wenye salio faili jingine.

Sababu ya kuwatenga ni kwamba mafungu yao hayalingani uzito. Ukiwachanganya, fungu la kwanza linaweza kupita kwa raha kwa kuwa limejaa wa zamani, unajiamini, unaongeza watu, la pili lina wapya watupu na linagonga dari.

## Hatua ya 3: piga hesabu kwa kichwa kimoja

Kila muamala, hata usipofanya chochote ndani, unaanzia gesi 21,000. Juu ya hapo ndani ya fungu kila mpokeaji mpya anakuja na vitu hivi:

- kuandika salio lake jipya: 22,100
- kumbukumbu ya tukio la Transfer (rekodi inayoachwa kila tokeni ikihamishwa): kama 1,756
- data za anwani yake na kiasi chake: baiti isiyo sifuri ni gesi 16, ya sifuri ni 4, kwa hiyo kama 600
- kuita tokeni, kupunguza salio la mtumaji na mzunguko wenyewe: elfu moja na nusu hadi elfu tatu na nusu hivi, inategemea kodi ilivyoandikwa

Ukijumlisha unapata kama 26,000 hadi 28,000 kwa mtu mpya. Mwenye salio tayari ni kama 9,000 hadi 11,000. Tokeni yenye mbwembwe zake, makato ya kila muamala, kura, ushuru wa aina yoyote, itazidi hapo, kwa hiyo namba zangu ni za kuanzia tu na za kwako utazipata hatua ya 5.

Chukua mfano wa watu 3,000 wote wapya. Ukituma mmoja mmoja kila mtu anakula kama 50,000, kwa sababu ile 21,000 ya kuanzia inalipwa upya kila mara, jumla milioni 150. Kwa mafungu ni 3,000 mara 28,000, milioni 84. Gesi ikiwa gwei 2 hiyo ni ETH 0.168 badala ya 0.3. Gwei ikifika 20 zidisha zote kwa kumi uone ilivyo.

Umeona kitu hapo? Mafungu yameokoa kama nusu, hayajafuta gharama. Stoo inalipwa vilevile. Anayekuahidi kupunguza gharama mara mia palepale kwenye Ethereum kwa ujanja wa mkataba, muulize ile 22,100 ya kila mtu ameificha wapi.

## Hatua ya 4: chagua njia, sasa ukiwa na namba

Watu chini ya 10 hivi: tuma mmoja mmoja ulale. Kuandaa mkataba kutakula muda kuliko faida yake.

Makumi hadi elfu chache: mafungu. Mwongozo uliobaki ni wa hawa.

Makumi elfu na kuendelea: usiwapelekee, waje wachukue. Unatengeneza mti wa Merkle kutokana na orodha, unaweka heshi moja tu (muhtasari wa orodha nzima) ya baiti 32 kwenye mkataba, unaujaza mkataba tokeni zote kwa muamala mmoja, basi. Kila mtu anakuja na uthibitisho wake na analipa gesi yake mwenyewe. Uthibitisho haukui haraka, watu 100,000 wanahitaji heshi 17 tu kila mmoja. Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, waligawa tokeni yao ya UNI hivi Septemba 2020, tokeni 400 kwa kila anwani iliyowahi kutumia huduma yao, na kama wangesukuma wenyewe bili ingekuwa yao yote.

Ila njia hii ina ubaya wake. Kuchukua kunamgharimu mtu gesi nyingi kuliko muamala wa kawaida wa tokeni, kwa kuwa mkataba unahakiki heshi na unaandika kwamba huyu kashachukua. Kama tokeni unazompa hazifikii hata gharama hiyo, hatakuja, na kusema kweli umehamishia mzigo wako mgongoni kwake. Weka pia tarehe ya mwisho na fanksheni ya kurudisha zilizobaki, la sivyo zitakaa humo milele.

Tokeni ndogondogo kwa watu wengi: hamia mtandao wa ngazi ya pili, yaani uliojengwa juu ya Ethereum, Arbitrum, Optimism, Base na wenzao. Huko unalipa sehemu mbili, kazi ya huko na nafasi ya data kwenye Ethereum, na hiyo ya data ilishuka sana tangu sasisho la Dencun la Machi 2024. Mimi kwa maoni yangu zawadi ndogo zote zingeanzia huku. Tahadhari moja kubwa: anwani ya waleti ya kawaida inafanya kazi mitandao yote ya EVM, ila anwani ya mkataba, mfano waleti ya sahihi nyingi, inaweza kuwa haipo kabisa kule, na anwani ya amana ya soko la kripto inaweza isitambue tokeni yako. Waulize kwanza.

## Hatua ya 5: pima, usikisie

Peleka tokeni ya mfano na mkataba wa kugawia Sepolia, kisha tuma fungu la watu 10 wapya, halafu la watu 20 wapya. Toa gesi ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa 10. Hiyo ndo gharama halisi ya kichwa kimoja kwa tokeni yako, ile 21,000 imeshajitoa yenyewe kwenye hesabu. Tumia kodi ileile ya tokeni utakayogawa, ukipima na nyingine umejidanganya.

Sasa ukubwa wa fungu. Gawanya 16,777,216 kwa namba yako. Kwa 28,000 unapata kama 599. Usitume 599! Mimi naishia 250, ambayo ni gesi milioni 7 na kidogo. Muamala mnene unasubiri zaidi kupata nafasi kwenye bloku, na likifeli fungu la 250 unapoteza kidogo kuliko la 550. Wakati huohuo ile 21,000 ukishaigawanya kwa watu 250 ni gesi 84 kwa mtu, kwa hiyo kuongeza watu zaidi hakukuokolei chochote cha maana.

Kwenye ngazi ya pili dari la gesi linaweza kuwa jingine, na usisahau kwamba nodi za kawaida za Ethereum zinakataa pia muamala unaozidi kilobaiti 128. Kila mpokeaji ni baiti 64.

Kama wote wanapata kiasi sawa, tumia mkataba unaopokea kiasi mara moja badala ya kukirudia kwa kila mtu. Ni akiba ndogo lakini ya bure.

## Hatua ya 6: kibali na salio

Mkataba hauwezi kugusa tokeni zako bila `approve`. Toa kibali cha jumla kamili uliyoandika hatua ya 1, usikubali ile ya kiasi kisicho na mwisho ambayo tovuti nyingi zinakuwekea.

Desimali zinaua watu hapa. USDC ina 6, tokeni nyingi zina 18. Kugawa 100 kwenye tokeni ya 18 ni 100 ikifuatiwa na sifuri 18. Ukisahau, wote watapokea vumbi lisiloonekana, muamala utasema umefanikiwa, na gesi utalipa tena kurudia.

USDT ya Ethereum ina vituko viwili. Kama una kibali cha zamani lazima ukirudishe sifuri kwanza ndo uweke kipya. Na `transfer` yake hairudishi jibu la ndiyo au hapana, kwa hiyo mkataba unaolisubiri jibu hilo utagoma, tafuta unaotumia SafeERC20, maktaba inayovumilia ukimya huo. Tokeni zinazokata asilimia kila zikihamishwa nazo ni mtego, mkataba ukivuta jumla kwanza unapokea pungufu na watu wa mwisho wa fungu wanakosa, yaani fungu lote linaanguka.

Sasa lile la ETH ya ziada. Waleti inadai uwe na kikomo mara bei ya juu uliyokubali, hata kama hazitatumika zote. Kikomo cha milioni 8.4 kwa gwei 4 ni ETH 0.0336 lazima iwepo kabla, hata kama mwisho utakatwa nusu yake. Wengi wanaona ujumbe wa salio halitoshi wakidhani waleti imeharibika.

## Hatua ya 7: tuma

Anza na fungu la watu 5 kwenye mtandao halisi, watu unaowajua. Wakuthibitishie wamepata kiasi sahihi. Hapo tu ndo uanze makubwa.

Kwa kila fungu acha nodi ikadirie gesi, kisha ongeza asilimia 15 hadi 20. Usiogope kuongeza, isiyotumika hukatwi.

Bei ya juu weka kama mara mbili ya bei ya msingi ya wakati huo, ile ambayo mtandao wenyewe unaipanga kila bloku. Bei ya msingi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 12.5 kwa bloku, na bloku ni sekunde 12, kwa hiyo mara mbili inakulinda kama bloku sita zilizojaa mfululizo. Hutalipa mara mbili, utalipa ya msingi ya wakati huo pamoja na bakshishi kidogo.

Tuma fungu, subiri lithibitishwe, andika kwenye daftari namba ya fungu, nonsi (namba ya mfuatano wa miamala ya waleti yako) na heshi ya muamala (utambulisho wake), ndo uende lijalo. Najua inakera kusubiri mara 12 kwa watu 3,000, lakini ukirusha yote kwa pamoja na la tatu likakwama kwa bei ndogo, tisa yaliyo nyuma yake yote yanasubiri foleni, na hapo ndo mtu anapanik na kuanza kutuma upya hovyo.

## Hatua ya 8: likikwama au kufeli

Linasubiri tu. Usitengeneze muamala mpya! Badilisha uleule kwa nonsi ileile, ukipandisha bei ya juu na bakshishi zote mbili kwa angalau asilimia 10. Kwa nonsi moja unaingia muamala mmoja tu, kwa hiyo haiwezekani kulipa watu mara mbili. Ukitumia nonsi mpya ule wa zamani bado uko hai, na bei ikishuka usiku wote wawili wanapita. Tokeni zikishaenda hazirudi kwa kuombwa.

Limeingia, limefeli, gesi iliyotumika ni sawa au karibu sawa na kikomo. Liliishiwa gesi. Pandisha kikomo au punguza watu.

Limefeli na gesi iliyotumika iko chini sana ya kikomo. Hapo gesi haina kosa. Kuna mpokeaji mbovu, kibali hakitoshi au salio la tokeni limeisha. Mpokeaji mbovu mtafute kwa kukata fungu katikati: kadiria gesi ya nusu ya kwanza bila kutuma, ikikubali basi yuko nusu ya pili, kata tena. Kwa watu 250 unamfikia ndani ya makadirio 8, na hakuna hata moja linalokugharimu.

Makadirio yenyewe yanagoma kabla ya kutuma. Shukuru. Umeambiwa bure. Kuna watu wanabonyeza tuma hivyohivyo wakiona onyo jekundu la waleti, sijui wanategemea nini.

## Hatua ya 9: hakiki kabla hujatangaza

Usihesabu miamala, hesabu matukio ya Transfer. Vuta matukio yote kutoka kwa heshi zilizo kwenye daftari lako na uyalinganishe na CSV, kila anwani ionekane mara moja na kiasi chake kamili. Ukitumia mkataba unaovuta jumla kwanza kila fungu litakuwa na tukio moja la ziada, lile la kutoka kwako kwenda kwenye mkataba, liondoe kwenye hesabu.

Jumla ilingane mpaka tarakimu ya mwisho. Salio la mkataba wa kugawia liwe sifuri. Kibali kiwe sifuri nacho, na kama kimebaki hata kidogo kifute kwa `approve` ya 0.

Kutakuwa na watakaokuja kusema hawajapata. Wengi wao waleti zao hazijaongezwa tokeni ili ionekane, wape anwani ya tokeni na heshi ya fungu lao wajiangalizie kwenye Etherscan. Aliyekosea anwani yeye mwenyewe ni kesi nyingine, amua mapema kama utamlipa tena, maana ukimlipa mmoja kesho watakuja arobaini.